Upepo wa Ghorofa ya Tatu

Haya nimeambiwa na Mwanakheri, mtoto wa marehemu dada yangu, mfungo wa mwaka juzi, alipokuja mapumziko kutoka Ulaya anakofanya kazi ya kulea wazee. Tulikuwa tunachambua choroko za futari. Kila alipofika mahali pa aibu aliziacha choroko akanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya. Nilipoona jambo haliaminiki nilimwambia, "Hebu rudia," akarudia, na mara ya pili likawa baya zaidi. Basi nimeandika ile ya kwanza.

Nchi yenyewe sitaitaja. Jina lake lina herufi zilizosongamana bila irabu hata moja ya kupumulia, na mtu wa meno ya bandia hawezi kulitamka mbele za watu. Tena Mwanakheri ana kibali chake huko na bado anakihitaji. Ni nchi safi sana. Chupa ya kijani na chupa nyeupe hazitupwi pipa moja. Mbwa ana daktari wake. Treni ikichelewa, mtu anaomba radhi kwenye kipaza sauti kwa sauti ya msiba. Na juu ya usafi wote huo, hawana chuki. Si kwamba wamejitahidi. Ni sheria.

Zamani walikuwa nayo, wenyewe hawakatai. Walikuwa na majirani Wayahudi, watu wa kushona, wa kutibu, wa kufundisha, wa kuoka mikate, kama watu wengine. Siku moja serikali ikatangaza kwamba kila shida ya nchi, mvua ikinyesha na isiponyesha, imeletwa na wao. Wakapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, vikongwe na watoto wachanga, wakapelekwa kuuawa. Wenzao wakaangalia madirishani. Behewa la mwisho lilipoondoka, wengine wakashuka kwenda kuchagua makabati. Hapo Mwanakheri hakucheka, na mimi sikucheka.

Vita ya enzi hiyo ilipokwisha nchi ikaona aibu, ikafanya kama afanyavyo mtu mkubwa anapoona aibu: ikatunga sheria. Kifungu cha kwanza kilisema, Chuki dhidi ya Wayahudi imekwisha. Kifungu cha pili kilisema, Atakayesema haijaisha ameitukana nchi. Neno lenyewe likafutwa, polisi wakakatazwa kulitumia. Kisha wakajenga makumbusho makubwa, wakayaita Makumbusho ya Majirani Wapendwa, wakaweka na mlinzi.

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo Bi Mindla Karpel, daktari wa meno mstaafu, Myahudi wa mwisho mtaani kwake. Nusu ya mji iliwahi kufungua mdomo mbele yake, na siku za shida mji mzima ukaufunga. Akiwa mtoto wa kunyonya, wazazi wake walipochukuliwa, mama mmoja muuza maziwa alimficha kwenye ghala la viazi. Na kabla ya makabati kuchukuliwa, yule mama alipanda ngazi na bisibisi, akafungua kibao cha shaba mlangoni kilichoandikwa KARPEL, akakificha pamoja na mtoto. Hakuna kingine kilichobaki cha watu hao. Bi Mindla alipokuwa mtu mzima alirudi nyumba ile ile, ghorofa ya tatu, akakikaza kibao mahali pake.

Msomaji wa huku lazima nimweleze. Kwetu ukimtafuta mtu unauliza dukani. Kule unasoma mlangoni. Asiye na jina mlangoni hakai hapo, hata kama unamwona amekaa.

Mwanakheri alikwenda kwa Bi Mindla kumpikia na kumwogesha. Bi Mindla alimwita "Keri", maana alisema maisha yaliyobaki ni mafupi kwa jina refu. Wote wawili hawali nguruwe, kwa hiyo muuza nyama wa pale chini aliwachukulia kama msiba. Waligombana juu ya chumvi na juu ya televisheni. Wakapatana.

*

Jiwe la kwanza lilipita dirishani wakati wa chai. Lilikuwa limefungwa karatasi. Wakaita polisi, akaja Inspekta Oldrik, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa.

"Poleni sana," akasema. "Upepo wa mwaka huu ni mkali."

"Upepo?" akauliza Bi Mindla. "Upepo umebeba jiwe mpaka ghorofa ya tatu?"

"Wa kaskazini hubeba."

"Na hii karatasi iliyoandikwa Myahudi ondoka?"

"Daktari," akasema Inspekta, kama mtu anayemweleza mtoto, "kupeperuka ndiyo kazi ya karatasi."

Akaandika "upepo", akakataa chai, akaenda zake.

Juma lililofuata mlango ukaamkia rangi nyekundu, tusi zima, herufi kubwa. Inspekta akarudi. Akainama, akageuza kichwa huku na huku.

"Rangi ikimwagika na upepo ukivuma," akasema, "hutokea michirizi inayofanana na herufi. Hata mawinguni mtu huona ngamia."

"Na hii alama ya mshangao?" akauliza Mwanakheri.

"Hiyo ni tone."

Mimi sijui mambo ya serikali. Kwetu, tunashukuru, hajatokea ofisa wa kumwambia mtu maneno kama hayo mchana kweupe. Kama nimekosea, msomaji atanisahihisha.

*

Huko nje nako kukaanza kuvuma. Mwanamke wa genge la mboga, Bi Hedla, aliyeng'olewa meno matatu kwa mkopo na hajaulizwa mpaka leo, alimrushia Bi Mindla vitunguu kwenye mfuko bila kumtazama.

"Waambie watu wako waache ile vita," akasema. Kulikuwa na vita nchi ya mbali, inaonyeshwa kila jioni kwenye televisheni.

"Watu wangu ni kina nani?"

"Wale kule."

"Kule sijafika hata kwa picha. Watu wangu ni hawa unaowauzia vitunguu vilivyooza."

"Mnaona!" Bi Hedla akawageukia wateja. "Ukiwaambia kitu, wanaleta vitunguu."

Mwanakheri mwenyewe vita ile inamuuma. Kuna siku alibishana na Bi Mindla juu yake mpaka chai ikapoa, na wote wawili wakalia kwa ajili ya watoto wale wale. Lakini hajawahi kumwomba daktari wa meno arudishe vifaru nyumbani.

Kisha akaja Bwana Gerulf wa ghorofa ya pili, mwenyekiti wa wakazi, amevaa tai. Alisimama mlangoni kwa sababu, alisema, akiingia watu watafikiri ameingia.

"Daktari, sisi hatuna neno na wewe. Babu yangu alikuwa na rafiki Myahudi."

"Alimfanyia nini?"

"Alimkumbuka sana." Akajikuna shingo. "Sasa daktari, kile kibao chako, tumeona kama kinavutia upepo. Ghorofa nyingine zote ni shwari. Hatusemi ukitoe. Punguza tu. Badala ya Karpel, andika Karp. Karp ni samaki, nani anamchukia samaki?"

"Wewe Gerulf nilikung'oa gego ukalia kama ndama. Nilikuambia ubadilishe mdomo?"

"Unaona, daktari, hasira kama hizi ndizo zinazoongeza kasi ya upepo."

"Kibao hakitoki. Na mimi sitoki. Nenda ukamwambie samaki."

*

Malalamiko yakafika juu. Kwa kuwa shauri lilikuwa la upepo, serikali ikamtuma Mkurugenzi Mkuu wa Hali ya Hewa, Profesa Valdemar, mwenye vyeo vingi kiasi kwamba mtumishi wake alipomaliza kuvitaja, profesa alikuwa ameshavua koti na kukaa. Alileta kipima upepo chenye vikombe vinavyozunguka, akakiweka dirishani. Dirisha lilikuwa tayari halina kioo.

Hakukawia. Jiwe likaja, likavunja kikombe kimoja, likambonda profesa begani. Chini barabarani zikasikika sauti za vijana zikicheka, na sauti moja ikiimba wimbo wa zamani, ule wa enzi ya mabehewa.

"Umesikia?" akauliza Bi Mindla.

"Nimesikia," akasema profesa, akijisugua. "Upepo una mluzi."

"Mluzi wenye maneno?"

"Mama, sayansi haina haraka."

Akaandika taarifa, akaisoma kwenye televisheni ya taifa. Nitaiandika kama Mwanakheri alivyoikariri, maana alikuwa akiitumia kuchekesha wenzake kazini kabla haijamgeukia.

"Wananchi wapendwa! Baada ya uchunguzi wa kina, mpana, na wenye pande zote, Idara imethibitisha kuwepo kwa upepo ghorofa ya tatu. Hata hivyo, napenda kulihakikishia taifa kwamba upepo huu si wa kwetu. Pepo za kwetu ni baridi na zina adabu. Huu ni wa joto. Asili yake ni kusini!"

Kesho yake Inspekta Oldrik akapanda ngazi, akaingia, akamtazama Mwanakheri kuanzia mtandio mpaka ndala.

"Wewe," akasema, "umetoka upande gani?"

Hapo nchi nzima ikashusha pumzi. Chuki imepatikana! Kumbe ilikuja kwa ndege. Lile neno lililofutwa kwa sheria likarudi siku hiyo hiyo, zima, halina hata vumbi, mtu angedhani kuna aliyekuwa akilipaka mafuta muda wote. Magazeti yakaliandika ukurasa wa kwanza kwa herufi zile zile kubwa za mlangoni. Bi Hedla wa genge akasema alishamshuku zamani, kwa jinsi anavyochagua nyanya. Hata wale vijana wa kuimba wakahojiwa, wakasema inawauma sana jinsi wageni wanavyowatendea Wayahudi wetu. Walisema hivyo hivyo, "wetu".

Nilipomsimulia jirani yangu hapa sehemu hii, alitikisa kichwa kwa huruma ya Mwanakheri, kisha akashusha sauti, "Lakini na hao Wayahudi nao..." Nikamwambia amalizie kwa sauti, choroko nazo zisikie. Hakumalizia. Kumbe upepo ule na huku unafika, tena bila viza.

*

Inspekta alikuja na ofa nzuri. Alikaa, na safari hii alikubali chai, ingawa aliimimina mwenyewe.

"Daktari, kila kitu kiko tayari. Mlango utapakwa rangi, dirisha litawekwa kioo kisichovunjika, na askari atasimama kwenye kibao chako usiku na mchana. Waziri mwenyewe atakuja kukigusa. Tunahitaji useme sentensi moja."

"Ipi?"

"Kwamba mawe alirusha huyu."

"Jiwe lilitoka nje. Huyu alikuwa ananikata kucha."

"Alitoka, akalirusha, akarudi kulishangaa. Wana mbio, hawa."

Mwanakheri anasema alimfikiria mama yake, ambaye wakati huo alikuwa hai na mgonjwa. Alifikiria kibali. Akamtazama yule mzee, ambaye kitu pekee alichonacho cha baba na mama kimekaziwa mlangoni kwa skrubu nne, na hapa anaahidiwa askari wa kukilinda. Akajiambia, mimi ni nani kwake? Mfanyakazi. Atasema.

Bi Mindla aliweka kikombe chake mezani.

"Inspekta," akasema, "walipokuja kutafuta watoto, walimwambia muuza maziwa aseme sentensi moja tu. Kwamba mtoto yuko ghalani. Wangempa hata ng'ombe. Hakusema. Mimi nimeishi miaka yote hii juu ya sentensi ambayo mtu hakuisema. Leo unanitaka niiseme mimi?"

"Huyu si sawa na yule, daktari. Huyu si mtu wa hapa."

"Nami waliniita hivyo. Maliza chai yako utoke."

"Unaikataa serikali inapokupenda!"

"Toka, Oldrik. Na hilo jino la mbele linatikisika, usilume kitu kigumu. Hasa ukweli."

*

Mwanakheri hakushtakiwa, maana bila sentensi ile hawakuwa na kitu. Alionywa tu kwa kuwa na asili. Lakini serikali iliyokataliwa mapenzi haina huruma. Amri ikatoka: kwa kuwa mhusika amekataa ulinzi, jina lake litalindwa bila yeye. Wakaja mafundi wamevaa glavu nyeupe, wakafungua kibao kwa heshima kubwa, wakakilaza kwenye sanduku lenye pamba kama kichanga. Bi Mindla alikishika kwa mikono miwili. Fundi akamwambia, "Usikiguse, bibi, mikono ina jasho, kitaharibika." Wakamtoa vidole kimoja kimoja.

Kikapelekwa Makumbusho ya Majirani Wapendwa, kikawekwa ndani ya kioo, na taa juu yake. Kwaya iliimba. Waziri wa Kumbukumbu, Bwana Teobald, alihutubia huku mtumishi akimpokeza vitambaa vya machozi.

"Leo," akalia, "tumeliokoa jina! Ukoo wa Karpel hautasahaulika. Walikuwa madaktari, walikuwa majirani, na wote, nasema wote, waliangamia!"

"Mimi sikuangamia," ikasikika sauti kutoka nyuma. Mwanakheri alikuwa amemleta Bi Mindla kwa kiti cha magurudumu.

Kwaya ikasita. Waziri akakunja uso, akashuka jukwaani, akamwinamia kwa upole mwingi.

"Mama, tafadhali. Leo ni siku ya marehemu."

"Na walio hai siku yao ni lini?"

Waziri akamgeukia mtumishi wake. Mtumishi akapekua kalenda.

"Bado haijapangwa, mheshimiwa."

*

Sasa mlango ukabaki na matundu manne. Bwana Gerulf aliyahesabu kama ushindi, akaleta keki. Posta wakarudisha barua za Bi Mindla, wakaandika hakai. Maji yakakatwa kwa kuwa nyumba haina mtu. Siku aliyobanwa kifua, Mwanakheri aliita gari la wagonjwa. Likaja upesi, kama vitu vyote vya nchi ile. Daktari alipanda hadi ghorofa ya tatu, akautazama mlango, akashuka. Mwanakheri alimkimbilia ngazini.

"Yuko ndani! Anakata roho!"

"Nani?"

"Karpel!"

"Dada, hapa hakuna Karpel. Karpel yuko makumbusho."

Bi Mindla hakufa. Alimeza kidonge cha zamani, akalala chali siku nzima akitazama dari. Alipoinuka alisema, "Keri, nipakie nguo zangu. Twende nyumbani."

"Hapa ndiyo nyumbani, bibi."

"Nyumbani ni penye jina."

Wakaingia makumbusho asubuhi, na sanduku, mto na birika. Bi Mindla akashuka kwenye kiti cha magurudumu, akakaa kwenye benchi chini ya kibao chake, akavua viatu. Mlinzi aliitwa Pankras, mtu mnene. Alikimbia huku ameshika kofia.

"Bibi, hapa ni pa kutazama. Hapakaliwi."

"Soma hapo juu. Imeandikwa nini?"

"Karpel."

"Na mimi ni nani? Nilikuziba jino."

Pankras akapapasa shavu. Akaenda kupiga simu. Mkurugenzi akapiga kwa mkurugenzi mwingine, na huyo kwa Waziri, na jibu likarudi kabla ya adhuhuri: anaruhusiwa, mradi asiongee, kwa sababu maelezo ya ukutani yanasema wote waliangamia na ni ghali kuyaandika upya. Pankras akaleta kamba nene nyekundu na nguzo zake fupi, akamzungushia. Basi pale, na hapo tu katika nchi nzima, Bi Mindla Karpel akawa na ulinzi, taa, na watu wanaomtazama kwa huruma. Mama mmoja alimshika shavu akasema, "Jamani, kama hai!" Pankras akamkemea asiguse.

Waziri Teobald akaja mwenyewe na wapiga picha. Alizunguka kamba, akapendezwa.

"Vizuri sana. Daktari, ungeweza kukaa kwa huzuni kidogo? Hiyo sura ni ya hasira. Hasira haituelimishi."

Bi Mindla alimwita kwa kidole, Waziri akasogea, akidhani atabarikiwa.

"Fungua mdomo," akasema Bi Mindla.

Mheshimiwa akaufungua, mkubwa, mbele ya kamera zote. Mzee akachungulia humo ndani kwa muda mrefu.

"Basi," akasema. "Nimeona. Funga, kunanuka."

Waziri akaondoka haraka, na amri mpya ikaachwa kwa Pankras: huyo msaidizi mgeni si sehemu ya maonyesho, na saa za kutazama zikiisha atolewe. Tena karani wa makumbusho atapita baadaye kukamilisha maelezo chini ya kibao, maana mwaka wa Bi Mindla wa kuzaliwa upo na ule wa kufa umebaki wazi.

Mwanakheri aliposikia hilo la mwisho alivuka kamba, akakaa sakafuni miguuni pa bibi.

"Sitoki," akamwambia Pankras. "Nibebe."

Pankras alimpima kwa macho, akajipima na yeye, akaenda kwenye kiti chake cha mlangoni. Alikuwa ameshiba chakula cha mchana. Kofia ikamshukia puani, akaanza kukoroma.

"Keri," akanong'ona Bi Mindla, "nimechoka sana. Nataka kulala kidogo. Lakini nikifumba macho, wale watakuja na kalamu."

"Lala, bibi. Mimi nipo."

"Na wewe uko macho tangu alfajiri."

"Nimesema lala. Mbishi kama nini."

Bi Mindla akalaza kichwa kwenye mto, mkono mmoja juu ya kioo cha kibao, akalala. Nje jua lilikuwa bado juu, watoto wa shule wakipita kwa mistari na mwalimu wao, wakiambiwa watembee polepole. Mwanakheri alijifinya, akasoma aya zote anazozijua, akahesabu vigae. Macho yakamzidi nguvu. Akavua mshipi wa koti lake, ncha moja akaifunga kwenye mkono wa bibi, ncha nyingine akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe, akakaza fundo kwa meno, ili atakayemgusa mmoja amwamshe wa pili. Ndipo naye akalala.